Kwikwi Katika Masafa ya Kati

Jana usiku nilisinzia kwa ubavu, maana tumbo limenikataza kulala chali, na katika usingizi huo nikaota redio yetu inaniomba maji ya kunywa.

Sikushangaa. Niliiuliza tu inataka ya mtungini au ya kikombe.

"Ya kikombe hicho hicho ulichojiwekea," ikasema. "Nimekaukiwa. Tangu wazime mlingoti sijameza kitu."

Nikaipa. Ikanywa yote bila kubakiza, ikajifuta spika kwa kiganja, ingawa viganja haina.

Hapa inabidi niseme ya kweli kidogo, ili ya ndoto yaeleweke. Mume wangu Mihambo ni mrina asali. Kila msimu wanaume wa kijijini kwetu, kusini ya Tabora, wanaingia porini kwenye kambi ya Mtakuja, mwendo wa kutwa kwa baiskeli, na huko hukaa wiki baada ya wiki. Simu kule ni kioo cha kujitazamia tu. Kinachowafikia ni redio ya masafa ya kati. Jioni, saa ya matangazo, kambi nzima huacha nyuki na kuizunguka redio, kwa kuwa huko ndiko nyumbani kunakowaitia: fulani rudi, mkeo amejifungua, fulani rudi, baba hajambo ila anataka kukuona.

Mihambo aliondoka tukijua tuna muda. Wiki iliyopita nesi Leokadia wa zahanati akanipapasa tumbo, kisha akasema mtoto amekaa kitako na siku zimesogea. Akataka niende hospitali ya mjini kabla uchungu haujanianza, tena niende na mtu wa kunisimamia. Mama mkwe wangu, Bibi Kabula, magoti yake yanashindana na kizingiti cha mlango. Dereva wa bodaboda nilimwomba aende kambini kumwita Mihambo, akasema njia ile ina ndorobo, inzi wa kuua ng'ombe. Nikaenda kituo cha redio kutoa tangazo.

Kijana wa mapokezi akanieleza kwa upole kwamba mitambo ya zamani imezimwa, wanajaribu matangazo ya dijitali, sauti safi utadhani msomaji amekaa nawe jikoni. Nikamwuliza redio ya mume wangu itayapata? Akauliza ni redio gani. Nikamwambia ni ile ya kitufe cha kuzungusha, imefungwa kwa mpira wa baiskeli isisambaratike.

"Hapo sasa," akasema.

Tangu siku hiyo sijatulia. Nakaa nasimama, nasimama nakaa. Naogopa kuingia mlango wa hospitali ile bila Mihambo, na sioni aibu kulisema. Nikiogopa hushikwa na kwikwi, tangu utotoni, na wiki nzima hii Bibi Kabula amekuwa akinipa maji kama anayemwagilia bustani.

Basi, redio ilipokwisha kunywa ikaniambia, "Vaa ndala twende. Wanakujadili."

Nafungua mlango wa chumbani ili nitokee uani, natokea kituo cha redio. Ni saa sita mchana, jua la utosi. Mlingoti umesimama katikati ya uwanja kwa mguu wake mmoja, taa nyekundu kichwani, nyaya zimeukaza kila upande. Chini yake kuna benchi, na kwenye benchi hakuna mtu.

"Karibu ukae," Mlingoti akaniambia. "Mimi siwezi. Tangu wanisimamishe sijakaa."

"Hata mimi sijakaa wiki nzima," nikamjibu.

"Wewe utajifungua, utakaa. Mimi je?"

Nikakaa, nikasimama.

Upande wa kushoto wa uwanja kuna mwanamke mnene anakaanga maandazi kwenye karai. Kila akifungua kinywa, mafuta nayo yanasema. Upande wa kulia amesimama kijana aliyenyooshwa nguo mpaka masikio, hana vumbi wala harufu. Redio ikanitambulisha kwa wote wawili. Mwanamke ni Mkwaruzo, ndiye sauti ya zamani. Kijana ni Dijitali.

Nikamsalimia Dijitali. Akanitazama. Nikadhani kiburi, nikamsalimia mara ya pili. Ndipo akajibu salamu ya kwanza.

"Uniwie radhi, dada," akasema. "Huwa nachelewa kidogo. Napanga maneno kwanza, ndipo nayatoa."

"Anapanga maneno," Mkwaruzo akasema, sssss, "mimi nayatoa yalivyo, yenye ganda na yasiyo na ganda. Shikamoo siitaki, dada, nipe habari ya tumbo."

Alipokuwa anasema hayo alisogea mbali bila kupiga hatua, akawa mdogo wa kutosha kuingia kwenye chupa ya soda, kisha akarudi akawa mkubwa kuliko mwanzo. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ni jua. Mchana hana nguvu.

"Nzuri, dada, na wewe?" Dijitali akasema, akijibu salamu yangu ya pili.

Mlingoti akakohoa juu kwa juu. Akaeleza kwamba hana uwezo wa kubeba kila kitu, mguu ni mmoja, na leo ataamua nani apande. Na kwa kuwa mwenye shida ni mimi, nitachagua mimi.

"Sijui mambo ya mitambo," nikasema.

"Wala hawa hawajui mambo ya kuzaa," akasema Mlingoti. "Waulize."

Dijitali akaanza. Aliongea vizuri, nami sitamsingizia. Alisema yeye hana kelele za radi wala za mashine ya kusaga. Alisema anaweza kubeba sauti ya mtu pamoja na maandishi, na hapo hapo jina langu likajitokeza kifuani pake kwa herufi nzuri: NYAMIZI, KUHUSU KUJIFUNGUA. Alisema hatumii umeme mwingi. Kisha akaniuliza jambo lililonichoma.

"Masika ya mwaka jana," akasema, "si mlitoa tangazo la msiba?"

Kweli tulitoa. Babake mmoja wa warina asali alifariki, tukatangaza, na jioni ile radi ikapiga porini wakati msomaji anataja jina. Kambi ikasikia kwamba kuna mzee amefariki kijijini na mazishi ni kesho. Mzee gani, radi ilimla. Wanaume wote wakaacha asali kwenye ndoo bila vifuniko, wakapanda baiskeli, wakaja usiku kucha, kila mmoja akimlilia baba yake. Waliofika na kuwakuta baba zao wanaota moto walicheka mpaka wakaona haya, kwa sababu mwenzao mmoja alikuwa hacheki. Asali ya msimu ule ililiwa na siafu.

"Ningekuwa mimi," akasema Dijitali, "wangelisikia jina."

Mkwaruzo akageuza andazi.

"Ni kweli," akasema. "Jina nililimeza, na liliniuma tumboni. Lakini kwangu mimi walirudi wote. Kwake yeye asingerudi hata mmoja."

"Kwa nini asirudi hata mmoja?" nikauliza.

"Tembea naye uone."

Basi Dijitali akanipa mkono, tukatoka uwanjani, tukashika njia ya Mtakuja. Pori likaja lenyewe, miyombo kulia na kushoto, mizinga ya magome inaning'inia juu. Yeye analisoma tangazo langu tunapotembea. Sauti yake ni safi mno. Nasikia mpaka msomaji anavyomeza mate. Nikafarijika, nikasema moyoni, huyu ndiye, huyu atafika, watu wanamwogopa bure.

"Mihambo wa kambi ya Mtakuja," anasema, "mkeo Nyamizi anakuomba urudi haraka, kwa sababu mto"

Hayupo.

Hakufifia, hakuaga. Mkono wangu umeshika hewa. Nikamwita, pori likanyamaza, nikamwita tena. Mbele yangu njia inaendelea, na mwisho wake naona moshi wa kambi. Nikarudi nyuma hatua moja, na yeye huyo hapo, ananitazama kwa heshima.

"to amekaa kitako," akamalizia. "Vipi, tumefika?"

"Ulipotea."

Akakawia kujibu, na safari hii nadhani si kwa kupanga maneno.

"Huwa sijui," akasema. "Kwa upande wangu mimi nipo sikuzote. Nikifika nafika mzima. Nisipofika, hakuna anayenisikia nikishindwa." Akatazama viatu vyake visivyo na vumbi. "Mtu angewapa wale warina asali redio mpya, na mlingoti wa pili ukawekwa pale kwenye mti ule, ningefika. Nakuapia ningefika."

Nilimwamini. Nikamwonea huruma, kwa vile alikuwa anataka kweli. Lakini mti ule hauna mlingoti, na mtoto wangu hasubiri ujenzi.

Kugeuka tu tuko uwanjani tena. Nikamwambia Mlingoti nimeshindwa kuchagua, naomba wapande wote wawili. Mlingoti akasema hilo huwa linajaribiwa. Mkwaruzo akafunga kanga vizuri, akapanda na karai lake katikati. Dijitali akapanda akijigawa, nusu kushoto kwake, nusu kulia. Mara ukasikika mlango unafunguliwa kwa nguvu, na mwanamume mmoja akatoka hewani, jirani ya Mlingoti, amejifunga taulo na povu la sabuni kichwani.

"Jamani," akasema, "masafa haya ya jirani ni yangu. Mimi nasoma habari za hali ya hewa na nyie mnanibana mbavu."

"Tuwie radhi, jirani," Mlingoti akasema.

"Jana pia mlinibana. Nikaweka mvua mahali pasipo na mvua." Akafunga mlango.

Wakashuka. Mkwaruzo alikuwa amepoteza maandazi mengi, na Dijitali alikuwa na mafuta kwenye kola.

"Mmoja tu, dada," Mlingoti akaniambia. "Na mguu unaniuma, usikawie."

Kwikwi ikanishika. Moja, kisha nyingine, na tumbo lote likaruka. Nikageuka kuomba maji, redio ikaangalia pembeni. Maji ilishayanywa yote.

"Jaribu kwangu kwa mara ya mwisho," Dijitali akasema. "Sema lolote, usikie utakavyosikika."

Nikasema, "Mihambo, kwik, ni mimi, kwik, rudi." Akayapokea, akayapanga, kisha akanirudishia. Nikasikia mwanamke mwenye sauti tulivu akimwita mume wangu kwa jina. Hana wasiwasi, hana haraka, hana kwikwi hata moja. Nikaona wivu.

"Kwikwi zangu umezipeleka wapi?"

"Nimeziondoa. Hazikuwa maneno."

"Basi huyo si mimi," nikasema. "Mihambo akimsikia huyo atamaliza msimu kwanza, ndipo aje."

Dijitali akainamisha kichwa. Maandishi ya kifuani pake yakafutika, yakaandikika upya: NIMEELEWA. Yalitokea baada ya muda kidogo.

Nikaenda kwa Mkwaruzo. Akapangusa mikono, akavuta ndoo ya plastiki kutoka chini ya meza, yenye kifuniko.

"Humu nina usiku," akasema. "Mchana siendi popote, nafika mashineni nageuka. Usiku ndio miguu yangu. Lakini nakwambia mapema, usije ukanilaumu: njiani nitakula baadhi ya maneno. Yapi, sijui. Kwa hiyo rudia, na usilete hadithi."

"Na utafika saa ngapi?"

"Hilo la saa mwulize huyo anayechelewa. Mimi napanda juu, nagonga anga, nateremka. Pengine nateremka leo, pengine jana."

"Ukiteremka jana si utakuwa umetangulia?"

"Ndiyo maana sijawahi kulaumiwa kwa kuchelewa."

Akafungua ndoo. Giza likamwagika uwanjani, likajaa mpaka kwenye taa nyekundu ya Mlingoti, na Mkwaruzo akawa mkubwa, mkubwa, mafuta yakavuma toka upande hadi upande. Akanishika kiuno kama mkunga, akanisogeza kwenye ukingo wa karai. Humo ndani nikaona kitambaa cha spika, kwa ndani. Nikachungulia.

Ni kambini. Wamekaa kuzunguka moto, na ninawaona kutoka ndani ya redio yao iliyofungwa mpira wa baiskeli. Mihambo yupo pale, ndevu zimemjaa, anakwangua nta kwenye ubao. Anakwangua kwa kisu changu cha jikoni. Kumbe yeye ndiye aliyekichukua. Msimu mzima nimekuwa nikikata maboga kwa panga.

"Mihambo," nikaita. "Mihambo wa Mtakuja, kwik, ni Nyamizi. Mtoto amekaa kitako. Nesi anasema niende hospitali, kwik, ya mjini, na mimi sitaki kwenda peke yangu. Rudi. Na kisu changu, kwik, kirudishe."

Nikarudia. Mafuta yakavuma, maneno yakawa yanaingia kwenye karai na mengine hayatoki. Nililiona kabisa neno hospitali likizama, likageuka rangi. Mmoja wa wanaume akaipiga redio kofi la ubavuni, nikaumia mbavu. Wengine wakaendelea kupiga soga. Mihambo anakwangua nta.

Nikarudia tena, nikiwa nalia sasa, na machozi yaliyoangukia kwenye mafuta yakalipuka, pa, pa, na hilo nalo likaenda hewani. Sikujua kama ananisikia. Hapo ndipo nilipoteseka kuliko pote katika ndoto hii: kumwona mtu, kumwita, na kutojua. Maneno yakaniishia. Nikabaki na kwikwi tu. Kwik. Kwik.

Mihambo akaacha kukwangua. Akakitazama kisu.

Nikataka kuona atafanya nini, lakini nyuma yangu Mlingoti akasema, "Dada, kama umemaliza, naomba nami nikae," na bila kungoja ruhusa akaanza kulikunja goti ambalo hana. Nyaya zikakatika moja moja. Chuma chote kikaja chini kwa kishindo.

Nikashtuka. Kishindo kilikuwa cha kweli. Kulikuwa kumepambazuka, na kitu cha chuma kilikuwa kimeanguka ukutani kwa nje. Nikamsikia Bibi Kabula akiburuta miguu, akiondoa komeo, kisha akisema, "Yarabi, mwanangu, mbona umekuwa udongo mtupu?"

Mihambo akaingia chumbani. Vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope, na shingoni ndorobo walikuwa wamemchora vizuri. Baiskeli ndiyo iliyoanguka. Hakuwa na nguvu ya kuiegemeza. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka kiganja juu ya tumbo langu kabla hajanisalimia, na mtoto akampiga teke. Mimi nikalia, kwa furaha safari hii, sikuwa na haja ya kuficha.

"Nani kakwambia?" nikamwuliza nilipoweza.

"Nani tena? Redio."

"Redio gani, wewe?" Bibi Kabula akadakia kutoka mlangoni. "Mlingoti wamezima wiki nzima. Hapa hatusikii hata taarifa ya habari."

"Sisi tumesikia, mama. Juzi jioni, kambi nzima. Nikaondoka jana alfajiri, pancha zikanilaza njiani." Akanigeukia. "Ila maneno mengi yalimezwa. Nilisikia jina langu, nikasikia kisu. Mambo ya mtoto sikuyapata kabisa."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa turubai, akatoa kisu changu cha jikoni, makali yote yametapakaa nta, akakiweka juu ya stuli bila kunitazama usoni. Mimi na yeye hatujawahi kukitaja kisu kile.

"Juzi," nikasema. "Una hakika ni juzi?"

"Juzi."

Nami nimeota jana. Nikanyamaza, maana Bibi Kabula ana maoni yake kuhusu wajawazito wanaoota.

"Sasa kama hukusikia habari za mtoto," nikamwuliza, "ulijuaje kama kuna haraka? Kwa kisu tu ndio uache asali?"

"Kisu kingesubiri." Akavuta pumzi. "Wenzangu walicheka, walidhani ni mkwaruzo, betri zimeisha. Mimi nilisikia kwikwi. Nikasema huyu ni mke wangu, na anaogopa."

Tukaambiana nguo zipi zifungwe na nani aende kumwomba mwenye gari la mkaa atufikishe mjini. Nilipojaribu kuinuka, kwikwi ikanishika tena, ya mwisho nadhani. Mihambo akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Kunywa maji kwanza," akasema. "Na siku nyingine ukitaka kutangaza, kunywa maji kwanza."

Akachukua kikombe kando ya kitanda, akakiinamisha, akakigeuza kabisa. Kilikuwa kikavu. Akaangalia sakafuni kama yamemwagika, hakuona kitu. Kisha akaipangusa redio kwa kidole, pale kwenye kitambaa cha spika, akakitazama kidole chake.

"Nyamizi," akasema, "nani ameilowesha redio?"